Fundi Fyuzi na Saketi ya Pili ya Trela

Ndugu, majirani na marafiki, marehemu, ambaye wengi tulimzoea kwa jina la Fundi Fyuzi, alizaliwa tarehe 4 Machi 1951, mtoto wa kwanza kati ya watatu wa mshona viatu na mkunga.

Alianza shule mwaka 1958. Mtihani wa kuingia sekondari ulimshinda. Miaka mitatu baadaye mdogo wake akaufaulu, nyumba nzima ikashangilia. Yeye alicheka kwa meno tu. Akaenda chuo cha ufundi, akahitimu umeme mwaka 1970. Mdogo wake naye baadaye akasomea umeme uleule.

"Kazi zote duniani zimekwisha?" marehemu alimuuliza mama yao.

Alitumikia kiwanda cha nguo kuanzia 1971 hadi 2006. Tarehe 12 Agosti 1978 alifunga ndoa na fundi cherehani, wakajaliwa binti na mwana.

Miaka mitano baada ya kustaafu walinunua trela ya kuishi, wakaiegesha kwenye uwanja wa trela. Umeme wote uliingia kwa waya mmoja, hivyo kiyoyozi na birika vikiwaka pamoja, swichi kuu ilikuwa ikikata umeme. Mkewe alilalamika miezi minane. "Kesho," alijibiwa. Kinyozi hajinyoi. Januari 2012, marehemu alipokwenda kumtembelea binti yao, mkewe akamwita shemeji yake, yule mdogo wa marehemu. Kwa siku mbili alitoboa ubavu wa trela, akafunga tundu la pili la kupokelea umeme, akavuta waya wa kiyoyozi peke yake, wenye swichi yake ya usalama; ndiyo saketi ya pili.

Marehemu aliporudi aliwasha kiyoyozi, birika na pasi kwa mpigo, akasubiri giza. Taa haikufifia. Roho ilimuuma. Alifungua kila kifuniko akitafuta walau skrubu iliyolegea, asiipate. Jirani akapita, akauliza, "Kazi safi! Mkono wako huu?"

"Wa nani tena?" akajikuta anajibu.

Uongo ukaota mizizi. Alisifiwa uwanja mzima, akawafungia majirani sita saketi kwa kuiga ileile. Mdogo wake alisikia yote, akanyamaza; na ukimya ule ulimkera marehemu kuliko matusi.

Novemba 2024 mapafu yalianza kumsumbua. Akiwa amelazwa, alimwita mdogo wake.

"Saketi ile ni yako. Iandike kwenye wasifu wangu."

"Kaka, hayo yalishapita. Pumzika."

"Hayajapita. Miaka yote hii nakuonea wivu kwa kazi niliyoikagua mwenyewe. Andika, na usome wewe."

"Watu watacheka."

"Wacheke. Ila usitie chumvi."

Mdogo wake aliahidi, na ndiye anayewasomea maneno haya. Marehemu alifariki Jumanne, 9 Septemba 2025, saa nne asubuhi.

Ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu watano, dada mmoja, na mdogo wake, ambaye angemwachia marehemu saketi ile na sifa zake zote, mradi tu awe hai wanuniane mwaka mmoja zaidi.

Alale salama, fundi wetu.