Kitabu Namba Nane

Benchi la Sitti muuza kahawa liko pale Barabara ya Port Bell inapogawanyika kuelekea maghorofa ya Bugolobi, na kila asubuhi lina watu walewale. Kuna Sulaimani, ambaye tangu serikali impe duka la vitabu la Mhindi aliyefukuzwa nchini anaitwa Mafuta Mingi, kama wote waliopewa maduka. Kuna Obwona, anayefunga mabehewa ya treni kwenye meli bandarini. Usukani hajawahi kuugusa, ila wanamwita Kapiteni. Na kuna Wahabi, dereva wa lori, jina lake Breki, kwa sababu hufikiri kwanza ndipo aseme. Asubuhi hiyo Breki alikuja na shida. Binti yake Maimunah, wa darasa la tatu, alikuwa amemaliza vitabu vyote vya shule hadi vya darasa la saba. Sasa alikuwa amehamia kwenye gazeti.

— Shida iko wapi? — akauliza Kapiteni. — Mtoto kusoma gazeti ni heshima.

— Anasomea barazani — akasema Breki. — Kwa sauti. Majirani wanakuja kusikiliza.

— Wacha wasikie.

— Jana amefika kwa picha ya mawaziri. Ameenda ndani, ameleta gazeti ya mwezi jana, ameziweka pamoja. Halafu ananiuliza: Baba, huyu wa mwisho ameenda wapi?

Sitti akaacha kumimina kahawa.

— Na wewe umesema nini?

— Nimesema ameenda chooni.

— Mwezi mzima?

— Na yeye ameuliza hivyohivyo.

Wakacheka, isipokuwa Breki. Usiku kucha alikuwa amesikiliza magari yanayopita, akingoja litakalosimama mlangoni kwake. Alichotaka ni kitabu kigumu cha kumshika mtoto mpaka jioni, kisichomrudisha barazani na swali.

— Mimi nimekupa namba tatu — akasema Mafuta Mingi. — Darasa la tatu, namba tatu. Kwa nini hukurudi?

Dukani kwake kulikuwa na safu ya vitabu vyekundu vya maarifa, vyenye jalada moja, kila kimoja na namba mgongoni. Mafuta Mingi aliviuza kama viatu: unataja mtoto, anakupa saizi.

— Amesoma, imeisha. Anasema hizo zote ni kitabu moja, imekatwa vipande. Anataka kuanza na namba moja.

— Ndugu yangu, mwenye duka ni mimi au yeye? Namba moja ni ya mtoto anayenyonya. Yako ana miaka nane. Shika.

Akatoa namba nane kwenye mfuko, akaiweka benchini. Breki akapapasa mfuko wa shati. Kila kitabu cha Maimunah aliandika jina la mtoto ndani, kwa mkono wake, kwa herufi kubwa, kabla hakijafika nyumbani. Kalamu hakuwa nayo.

— Hiyo bado iko na habari ya dunia — akasema Kapiteni. — Dawa ni kitabu ya simu. Majina na namba, basi. Siasa hakuna.

— Ya mwaka gani? — akauliza Sitti.

— Ile ya ofisi ya bandari. Ya zamani kidogo.

Sitti akamtazama mpaka akaelewa.

— Ataanza ukurasa wa kwanza — akasema Breki. — Huyu iko wapi, huyu iko wapi.

— Nusu ya kitabu — Kapiteni akakubali.

— Basi ramani — akasema Mafuta Mingi. — Milima na mito.

— Ramani iko na njia ya Kenya. Ataniuliza mwalimu wake aliyekimbia alipita wapi.

— Nyinyi wanaume mnahangaika bure — akasema Sitti. — Mpe kitabu ya mapishi. Keki, biskuti. Nani atakamatwa kwa biskuti?

Kapiteni akainua kikombe chake. Sukari ilikuwa imeadimika madukani; ilikuwa miezi tangu kahawa ya Sitti iionje.

— Tia sukari, tia siagi, tia mayai. Dada Sitti, hiyo ndiyo mbaya kuliko zote. Akisoma hiyo barazani, majirani wataandamana.

Mafuta Mingi hakukata tamaa.

— Sikia. Mimi niko na kabati nzima ya vitabu vya Kihindi, mimi mwenyewe sijui juu ni wapi, chini ni wapi. Mpe hizo. Mpaka amalize kujifunza kusoma ile maandishi, hii serikali itakuwa—

Mtu mwenye miwani myeusi na viatu vya soli nene, vazi la watu wa usalama, alikuwa amesimama nyuma ya benchi. Hakuna aliyesikia gari likisimama.

— Itakuwa imejenga maktaba — akamaliza Mafuta Mingi.

Mgeni akakaa, akaagiza kahawa.

— Huyo mtoto anayesoma sana ni wa nani?

Kapiteni akatazama reli ya kwenda bandarini. Sitti akafuta kikombe kilichokuwa kikavu. Breki akafikiri, kama ilivyo desturi yake, akaona hapa breki hazishiki.

— Wangu, afande.

Mgeni akavua miwani. Macho yalikuwa ya mtu asiyelala.

— Mimi pia niko na msichana kama huyo. Mimi vitabu havinisumbui. Naleta kutoka nyumba za watu, kazini. Vizuri, vya watoto. Lakini kila kitabu kimeandikwa ndani jina la mtoto. Sasa amevipanga karibu na mlango, anataka kurudisha. Ananiuliza wenyewe wako wapi.

Akawatazama mmoja mmoja.

— Nimwambie nini?

Mafuta Mingi, ambaye hajawahi kukosa saizi, akaigeuza namba nane, akaitazama mgongoni. Sitti akainamisha birika juu ya kikombe cha mgeni. Yakatoka machicha tu.

Mgeni akavaa miwani, akaenda. Gari lilipopotea, Breki akafungua namba nane, ukurasa wa kwanza. Ulikuwa mweupe, haujaandikwa kitu. Akamwomba Mafuta Mingi kalamu, akaishika juu ya karatasi muda mrefu, kisha akamrudishia. Akakiweka kitabu kwapani, akaenda nacho bila jina.