Debe la Tajiri wa India

Basi la kwenda Laela lilikuwa limebeba gunia la mahindi ambalo Gaudiosa alikuwa akienda kuuza. Jirani yake wa kiti alivaa viatu vya ngozi, na Gaudiosa alivitamani tangu Sumbawanga. Mwanamke huyo alifunga riwaya yake akapenga kamasi.

"Tajiri wa India ananunua mpunga wa maskini kwa debe lililopanuliwa, halafu anajenga hekalu! Nimelia, dada."

"Pole. Laela unafuata nini?"

"Nanunua mahindi."

"Kwa lumbesa, gunia lenye kilemba juu kwa bei ya gunia la kawaida?"

"Sasa dada, si wote tunanunua hivyo?"

"Basi rudisha hayo machozi; wewe na huyo tajiri debe lenu ni moja."

Basi likasimama. Gaudiosa alijua atamuuzia mwanamke huyo huyo, lakini kilichomchoma zaidi ni kwamba bado alivitamani vile viatu.