Nikanor Savvich Tyurin, Fundi wa Dhahabu Asiye na Mhuri (1851–1912)

Marehemu Nikanor Savvich Tyurin alizaliwa tarehe 12 Machi 1851 katika kijiji cha Krasnoye, kando ya mto Volga, mkoa wa Kostroma. Alikuwa mtoto wa tatu wa Savva Tyurin, mtengeneza hereni za shaba, na mkewe Matryona.

Hakusoma sana. Shemasi wa kijijini alimfundisha kusoma na kuandika kwa majira mawili ya baridi. Mwaka 1864 alipelekwa St. Petersburg kujifunza kazi katika karakana ya akina Vestling, Kisiwa cha Vasilyevsky. Aliingia humo akiwa na umri wa miaka kumi na mitatu, akatoka akiwa na miaka hamsini na minane.

Kazi aliyoijua kuliko wote ni ile inayoitwa samorodok, ya kutengenezea makasha ya sigara. Bamba la dhahabu hupashwa moto mpaka likaribie kuyeyuka, kisha huondolewa ghafla, na uso wake hujikunja kama wa dhahabu iliyookotwa mtoni. Fundi akichelewa kidogo tu, hubaki na tone. Marehemu aliziba dirisha kwa gunia ili aione vizuri rangi ya joto. Katika miaka yote hiyo aliharibu mabamba mawili tu, na tarehe zake alizikumbuka.

Tarehe 20 Januari 1880 alifunga ndoa na Agrafena Ilyinichna, mshonaji. Nyumbani ilikuwa kazi yake kuangalia maziwa jikoni, kwa sababu hayakuwahi kumfurikia. Aliinama juu ya sufuria, na utando ulipoanza kutetemeka alisema, "Toa."

"Baba, hayo ni maziwa," mkewe alimwambia. "Hakuna atakayeyatia sigara."

"Wewe toa tu."

Marehemu alitaka jambo moja maishani, nalo ni mhuri wenye herufi zake mwenyewe. Mhuri hupewa fundi aliyekubaliwa na chama cha mafundi, naye hukubaliwa kwa kazi aliyoitengeneza kwa mkono wake. Mwaka 1896 alianza kasha la sigara la dhahabu, bamba moja lisilo na kiungo juu, akilifanya siku za mapumziko, kwa dhahabu aliyoiweka akiba kidogo kidogo kwa miaka kumi na moja. Lilikamilika Aprili 1897.

Lakini ofisi ya kupima dhahabu haipokei kitu kisicho na mhuri wa fundi, na chama hakipokei dhahabu ambayo haijapimwa. Bwana Osvald Vestling, aliyerithi karakana kwa babake, alimwita ofisini.

"Savvich, gonga herufi zangu kwa sasa. Likishapimwa, nitakwenda nawe chamani, niwaambie ni kazi ya nani."

Mwenzake wa meza ya jirani, Prokhor Dyomin, alimwonya. "Savvich, umezaa mtoto, unataka kumwandikisha kwa jina la jirani?"

"Ametoa neno lake."

"Neno haligongwi kwenye dhahabu."

"Tazama moto wako, Prokhor."

Aligonga mwenyewe, kwa nyundo yake, herufi za Vestling. Hilo ndilo kosa lake, na hakumlaumu mtu mwingine kwa kulifanya. Siku ya kikao cha chama bwana Vestling alikuwa safarini. Wazee wa chama walifungua kasha, wakasoma mhuri, wakamrudishia wakisema hawapimi fundi kwa kazi ya mtu mwingine. Vuli ile bwana Vestling aliliomba kwa ajili ya maonyesho. Nishani alipewa bwana Vestling. Kasha liliuzwa, marehemu akalipwa thamani ya dhahabu, na kuahidiwa kwamba mwaka ujao wangekwenda chamani pamoja. Hakutengeneza jingine. Alipoulizwa na bintiye kwa nini, alijibu, "Lile lilikuwa langu. Jingine lingekuwa kazi tu."

Kuanzia mwaka 1905 mikono yake ilianza kutetemeka kwa sababu ya zebaki ya kuchovya dhahabu. Meno yalimtoka. Mwaka 1909 karakana ilimwambia akapumzike. Mkewe alimlisha uji kwa kijiko, naye aliona aibu, akageuza uso ukutani baada ya kila funda. Alifariki nyumbani tarehe 3 Februari 1912, saa nne asubuhi, mkewe akiwa amemshika mikono yote miwili ili itulie.

Jana karakana ilileta bamba la fedha la kupigiliwa kwenye msalaba wake. Lina jina lake na tarehe zake, zimechorwa vizuri. Pembeni, kama sheria inavyotaka kwa kila kipande cha fedha, pamegongwa herufi za Osvald Vestling. Agrafena Ilyinichna alilifunga tena katika karatasi yake na kumrudishia mjumbe. "Mwambie bwana asante," alisema. "Huyu tunamzika sisi." Msalaba ni wa mbao, na jina limeandikwa kwa rangi na Prokhor Dyomin.

Marehemu ameacha mjane, Agrafena Ilyinichna. Mwanawe Stepan, mpanga herufi wa kiwanda cha uchapaji. Binti yake Lidia. Na dada yake Ustinya, aliyeko Krasnoye.

Apumzike kwa amani, chini ya jina lake peke yake.