Mama Kona na Nukta Isiyoshikika

Ndugu, jamaa na majirani, dada yetu tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 12 Juni 1954, katika chumba cha uani cha nyumba ya kupanga iliyotazamana na kituo cha mabasi, akiwa kifungua mimba wa baba dereva wa lori na mama mshonaji, na mimi ninayewasomea ndiye kitinda mimba wao.

Alisoma shule ya msingi mtaani kwetu, kisha sekondari ya wasichana, na mwaka 1974 akaingia chuo cha ufundi kusomea uhandisi wa magari, msichana peke yake darasani, na shangazi yetu alipotabiri kwamba huyu ataolewa na jeki, yeye ndiye aliyecheka kuliko wote. Huko ndiko mwalimu wake alikochora gari kwa nyuma, akavuta mistari kufuata vyuma vinavyoshika magurudumu, mistari ikakutana hewani, akawaambia kwamba gari likikata kona, mwili wake huinama kwa kuizunguka nukta ile. Likizo alitueleza mezani, akiinamisha kikombe huku na huku, kwamba nukta hiyo huwezi kuishika wala kuipaka grisi, lakini abiria wote na mizigo yao huzunguka juu yake, na baba, aliyeendesha lori tangu ujana wake, akaacha kula akamsikiliza.

Mwaka 1978 aliajiriwa katika karakana ya kampuni ya mabasi, ambayo ilikuwa imenunua mabasi marefu kwenda juu, na kila yalipoingia kona za mteremko yalilala upande hadi abiria wakashikana, na moja likapinduka, akafa mama mmoja aliyekuwa anakwenda kumwona mjukuu. Mafundi walikaza springi, kuinama kukapungua, lakini penye mashimo mabasi yakarukaruka, na tairi lisilogusa barabara haliwezi kuishika. Dada alishinda chini ya mabasi hayo, kisha akaeleza kwamba fimbo ya chuma inayozuia ekseli ya nyuma, yaani mhimili wa magurudumu, isiende upande ilifungwa chini mno, nukta ikashuka nayo, ilhali uzito uko juu, na umbali baina ya hivyo viwili ndio wenzo unaolilaza basi, hivyo ukiufupisha, springi zitabaki laini na gari litasimama.

Fimbo ilipandishwa, basi likapakiwa magunia ya mchanga badala ya watu, dereva mmoja mkimya akapewa usukani, na dada akakaa kiti cha nyuma kabisa, akisema hawezi kumtuma mtu asikokwenda mwenyewe. Basi halikuinama, lakini kwenye kona kali mkia ulichomoka, ukataka kukitangulia kichwa, wakasimama ukingoni vumbi likiwafunika. Dereva akageuka akamwambia, "Umelitibu kuinama, mhandisi, ukalipa wazimu."

Naye akajibu, "Nimezidisha. Nimeitwisha miguu ya nyuma kazi ya miguu yote."

Aliishusha fimbo kidogo, akafunga mbele chuma cha kuzuia kuinama ili magurudumu ya mbele yabebe sehemu yao, na dereva yule yule akarudi usukanini bila kubembelezwa, na safari hii basi likainama kidogo, kama mtu anayeitikia salamu, likatulia, likapita.

Dereva huyo ndiye shemeji yetu aliyeketi hapa mbele, ambaye dada alifunga naye ndoa tarehe 5 Septemba 1981, na shangazi akasema jeki amekosa mke, wakajaliwa binti, ambaye ni muuguzi, na mwana, ambaye ni mwalimu wa hesabu. Mwaka 1987, siku ya mvua, shemeji akishuka mteremko ule ule na basi limejaa, alikuta lori limekwama katikati ya kona, akakata kushoto, akakata kulia, basi likaegemea, likainuka, likasimama wima, watu wakashuka wakigusana mabega. Alipomsimulia mkewe, dada alikwenda karakana akaweka kiganja ubavuni mwa basi lile, akakaa hivyo muda mrefu, na tangu hapo madereva wakamwita Mama Kona.

Alistaafu mwaka 2014, akaanza kusumbuliwa na figo mwaka 2021, na Jumanne tarehe 4 Machi 2025 alifariki hospitalini, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani walioupokea msiba huu kama wao, na wafanyakazi wenzake wa karakana waliomchongea jeneza na kumbeba. Na wako abiria wengi, hatuwajui, waliosinzia kwenye kona zile wakaamka wamefika, nao hawatajua kamwe wamshukuru nani, basi kwa niaba yao tunasema asante.

Dada yetu, pumzika kwa amani.