Bahasha yenye Ukingo Mweusi

Sifa zimrudie Bwana aliyenifikisha mbele yenu leo, ndugu zangu. Mimi ni Prosper, mpishi. Mnanijua. Nikifurahi mtaa mzima unapata habari, na nikihuzunika mtaa mzima unapata habari pia. Mke wangu Bernadette alikuwa akinitania, "Weye, leo uko juu ya paa, kesho uko chini ya kitanda. Mu nyumba utakaa lini?" Mimi nilicheka tu. Sikujua kwamba huo ni ugonjwa, na kwamba mtoto wangu ndiye angeulipia.

Nianze na jambo lililonitia woga. Binti yetu wa kwanza, Kabange, alifariki mimi nikiwa kazini mbali na nyumbani. Barua ilinifikia wakati wameshazika na matanga yamekwisha. Tangu siku hiyo, ndugu zangu, niliogopa barua. Nilisoma kwa mapadri, kusoma si shida kwangu. Lakini mtu akinipa karatasi iliyokunjwa, niliiweka kando kwanza nikatafuta kazi nyingine. Baadaye Bwana alitupa Banza, mvulana, mmoja tu. Wakati wa habari hii alikuwa na miaka mitatu.

Mwaka ule joto la kabla ya mvua lilikuwa kali hapa Élisabethville. Mzungu wangu akafunga nyumba yake, akachukua Madamu na watoto wao, wakapanda Kundelungu kutafuta hewa baridi kwa wiki sita. Mimi nilikwenda nao, maana tumbo halina likizo. Bernadette na Banza walibaki nyumbani kwetu, mtaani.

Huko juu, ndugu zangu, ni kuzuri. Majani matupu mpaka macho yachoke, na asubuhi baridi inakufanya utafute moto kabla ya kunawa uso. Ijumaa moja wakaja wageni kula. Nilipika kuku kwa mchuzi wa divai, na mmoja wao, mzungu mwenye hoteli, akaingia mwenyewe jikoni, akanishika mkono. Aliniambia kwamba mwaka utakaofuata jiko la hoteli yake litakuwa langu, na kofia ndefu nyeupe nitavaa. Mimi nikapanda juu ya paa kama kawaida. Nilimwambia dobi, nikamwambia mlinzi, nikawaambia hata wanawake waliokuja kuuza mboga. Nilimpa dobi koti langu la sufu, eti mkuu wa jiko hawezi kuvaa koti lenye viraka. Jioni ile ile nilitetemeka kwa baridi, lakini nani angenirudishia?

Kesho yake, Jumamosi, lori la barua likapita. Dereva alitupa gunia barazani akaendelea na safari, maana alikuwa na vituo vingine mbele. Madamu ndiye aliyefungua gunia. Akaja jikoni polepole, mkononi ana bahasha moja. Ilikuwa na jina langu. Na pembeni kote, ndugu zangu, ilikuwa na ukingo mweusi.

Ninyi mliofanya kazi kwa wazungu mnajua maana yake. Mzungu hatumii bahasha hiyo ila kwa jambo moja tu. Mama yake Madamu alipofariki kwao Ubelgiji, bahasha za namna ile zilikuja kwa wingi, na mimi ndiye niliyekuwa nikizipeleka mezani. Madamu akaniwekea mkono begani. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Prosper, pole. Pole sana," akasema. "Leo apana kupika. Kwenda kupumuzika."

Nilikwenda chumbani kwangu nikakaa kitandani na ile bahasha mapajani. Niliutazama mwandiko. Ulikuwa wa Bernadette, zile herufi zake kubwa zinazoegemea upande. Nikawaza: kama anayeandika ni Bernadette, basi aliyekufa si Bernadette. Nani amebaki? Nyumba ile ina watu wawili tu. Jasho likanitoka katika baridi ile, mwili wote.

Sikufungua. Ndugu zangu, nasema mbele ya Mungu, sikufungua. Nilijiambia kwamba nisiposoma, Banza hajafa. Bado anakimbiza kuku uani. Nikiichana ile karatasi, mimi ndiye nitakayemuua. Ni wazimu, najua. Lakini woga una hesabu zake, na mtu aliye ndani yake anaziona ni za kweli.

Jumapili nilirudi jikoni, maana kukaa bure kulikuwa kubaya zaidi. Bahasha nilikuwa nayo mfukoni mwa aproni. Nilitia chumvi kwenye supu mara mbili, na hakuna aliyenigombeza, wakaila wakinyamaza kwa kunihurumia. Dobi akaja kunipa mkono wa rambirambi. Niliupokea! Nilipokea rambirambi za mtoto ambaye sikujua kama amekufa. Jumatatu sikuweza kumeza ugali. Jumanne nilitembea mpaka kwenye ukingo wa bonde, pale maji yanapodondoka, nikaitoa bahasha ili niitupe.  Mkono ulikataa kuachia, na mkono huo huo ulikataa kufungua. Siku zote hizo nilikuwa nasali, lakini sala yangu ilikuwa moja: Bwana, fanya barua hii isiwepo.

Jumatano asubuhi lori likarudi, linateremka mjini kupitia Kasomeno. Dereva ni Papa Mukalay, mtu wa kwetu kaskazini. Akanikuta ninakata kuni nyuma ya jiko.

"Jibu iko wapi?" akaniuliza.

"Jibu gani?"

"Bibi yako alinipatia ile barua mu mukono. Akasema nisirudie bila jibu. Weye haukusoma?"

Nikaendelea kukata kuni. Alinitazama, akatazama mfuko wa aproni ambamo bahasha ilikuwa inachungulia, na uso wake ukabadilika. "Prosper," akasema kwa sauti ya chini, "ile mama alikuwa analia."

Akaenda kupakia masanduku yake. Mimi nikapiga magoti kwenye vumbi la kuni. Sala ilitoka tofauti siku hiyo, wala sijui nani aliyeibadilisha kama si Bwana mwenyewe. Nilisema: Bwana, sikuombi tena unifiche. Kama umemchukua, nipe nguvu ya kujua. Kama yuko, nipe nguvu ya kujua. Woga haukuondoka, nisiwadanganye. Lakini vidole vikatii. Nikachana bahasha.

Maneno yale ninayakumbuka mpaka leo. "Mume wangu Prosper, mutoto iko na surua. Iko na joto mingi na masikio inatoka maji. Balimupa dawa, lakini juu ya kumulalisha ku hospitali banaomba tikiti ya muzungu yako, na nyumba yabo iko ya kufunga. Tuma tikiti na ile lori. Minaogopa. Bernadette."

Yu hai! Na katika dakika ile ile nikaelewa jambo jingine, nikaanza kukimbia. Tikiti hiyo ni karatasi ndogo ambayo mwajiri anatia sahihi ili mtu wake apokelewe hospitali. Inaandikwa kwa muda wa kuwasha kiberiti. Mimi nilikuwa nimelala siku nne na mwajiri yuko chumba cha pili.

Madamu aliposikia akashika kichwa. "Siku nne? Sababu gani weye apana kusema?"  Mzungu wangu akatia sahihi amesimama, akaniambia niende na lori mwenyewe.

Ndugu zangu, safari ile ya kuteremka ndiyo niliyoogopa kuliko siku zote nne. Huko juu nilikuwa naogopa barua. Sasa nilikuwa naogopa nilichokifanya. Kila lori liliposimama kutia maji kwenye mashini, nilisema moyoni, labda ni sasa hivi. Papa Mukalay hakunilaumu. Alivua koti lake akanifunika, akaendelea kuendesha.

Nilimkuta Banza mgongoni kwa mama yake, anawaka moto, usaha umekauka shingoni. Tukamlaza hospitali jioni ile. Tulipokuwa tukingoja nilimwuliza Bernadette kwa nini alitumia bahasha ile. Akashangaa. "Mi niliona ile ya mustari mweusi njo ya heshima," akasema. "Mambo ya mutoto, ningetia mu bahasha ya bure?" Alikuwa amechagua nzuri kuliko zote dukani.

Siku ya sita joto likashuka. Bwana akatuachia mtoto wetu. Yule mwenye hoteli hakuniita kamwe, na sikulala chini ya kitanda kwa sababu hiyo. Nikipata jema siku hizi nashukuru kisha naosha sufuria zangu. Likija baya, nauliza kwanza ni nini, kabla ya kulililia. Hiyo ndiyo nafasi ambayo Bwana amenipa nikae, kati ya paa na kitanda, na ninawaalika nanyi. Kama kuna kitu umekificha mfukoni kwa sababu ya woga, usingoje woga uishe. Mwite Yesu asimame kando yako, ukifungue leo hii, maana pengine kuna mtu anangoja jibu.

Banza ana miaka tisa sasa, ndiye yule kwenye benchi la tatu karibu na mama yake. Sikio la kushoto halisikii. Mganga wa hospitali alisema kama tungemleta mapema, labda. Nimemwomba Mungu msamaha na nimeupata. Banza mwenyewe nilimweleza yote mwaka huu, na alinisikiliza akiwa amegeuza kichwa, kama anavyofanya sikuzote. Ushuhuda wangu umekwisha, ndugu zangu, naenda kukaa. Nitapita upande wake wa kuume, ili nikisema naye anisikie.