Fundi Mchakamchaka na Misumari Iliyosingiziwa

Ndugu, jamaa na majirani, mpendwa wetu tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 11 Machi 1964, mtoto wa tatu kati ya wanne. Hakumsubiri mkunga. Mama wa watu alipofika na mkoba wake, mtoto alishaoshwa na anapiga kelele. Tangu siku hiyo hakuna aliyewahi kumwona ametulia, ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Mchakamchaka. Wasifu huu umeandikwa na mjane wake. Anausoma mdogo wake marehemu, ambaye alifanya naye kazi benchi moja kwa miaka thelathini na miwili.

Alimaliza elimu ya msingi mwaka 1978. Yeye na dawati hawakupatana kabisa, mpaka mwalimu wa hesabu akasalimu amri, akampa nyundo atengeneze viti vibovu nyuma ya darasa. Hesabu alizisikiliza huku anagonga, na alifaulu.

Januari 1979 mjomba wake alimpokea katika karakana ya makochi, na hapo ndipo mikono yake ilipopata pa kukimbilia. Alijifunza kama mafundi wote wa pale: unajaza misumari midogo mdomoni, unaisukuma kwa ulimi mmoja mmoja, kichwa mbele, mkono unachukua na nyundo inashuka. Alikuwa anavalisha kochi kitambaa huku anabishana na mteja kwa pembe ya mdomo. Damu ikionekana kwenye mate, karakana nzima ilikuwa na jibu moja: misumari hiyo.

Alikuja nyumbani kwa wakwe zake kutengeneza kochi moja, akarudi mara tatu kulikagua, na kochi lenyewe halikuwa na shida yoyote. Mara ya tatu alimtamkia binti wa nyumba neno la ndoa akiwa na misumari mdomoni. “Toa hiyo kwanza,” binti akamwambia, “ndiyo useme kama mtu mzima.” Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 8 Desemba 1990, na Mungu akawajalia watoto watatu.

Oktoba 2016 aligundulika ana kisukari. Aliacha sukari kwenye chai, alimeza dawa kwa saa, na kutembea ndiyo usiseme. Hata hivyo sukari ilipanda na kushuka itakavyo. Fizi zikavimba, meno mawili yakang’oka yenyewe, naye akacheka kwamba misumari imepata nafasi. Alisukutua maji ya chumvi, akarudi kazini. Mkewe alifua foronya zenye madoa ya damu kwa miaka, akaamini misumari kama wengine. Jambo hilo linamuuma mpaka leo, na hataki kuambiwa lisimuume.

Aprili 2024 homa ilianza kuja na kuondoka. Alitibiwa mara mbili, bila nafuu. Mei, ngazi tano tu zilimkata pumzi. Katika hospitali kubwa, daktari mmoja wa kike alimpima moyo, kisha akasema, “Baba, hebu fungua mdomo.”

“Hiyo damu ni misumari tu, daktari,” marehemu akajitetea.

“Msumari unachoma mahali pamoja, baba. Wewe fizi zote zinaumwa.”

Akawaeleza yeye na mkewe kwamba ukizikusanya fizi hizo, ni kidonda cha kutosha kiganja, kinachopitiwa na chakula kila siku na hakifungwi bandeji. Ugonjwa ule wa fizi ulichochea sukari, na sukari nayo ikachochea fizi. Vijidudu vikapitia humo, vikaingia kwenye damu na kwenda kukaa kwenye valvu ya moyo. Mkewe aliuliza kama wangeweza kuuwahi mapema. Daktari akajibu ndiyo. Fundi alifariki Jumanne, tarehe 4 Juni 2024, saa nne asubuhi, akihangaikia kochi la mteja mmoja lililobaki kuvalishwa mgongo.

Mdogo wake alilimalizia juzi. Mjane alikuwa amesimama mlangoni alipomwona anatema mate mekundu kwenye vumbi la mbao.

“Shemeji, ni misumari tu,” akasema.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu wanne, dada wawili, na huyo mdogo wake. Aya hii yeye, msomaji wetu, hakuonyeshwa kabla. Ilipelekwa kwa mpiga chapa baada ya yeye kuondoka. Ana miadi kwa daktari wa meno Alhamisi hii, saa tatu asubuhi, na shemeji yake atamsindikiza, kwa sababu hana nguvu ya kuandika wasifu mwingine. Tunamwomba anyanyue macho sasa, awatazame watu wote hawa, aseme kama atakwenda. Akishajibu, ndipo amalizie mstari wa mwisho:

Kaka, umehangaika vya kutosha. Pumzika.