Mahindi Mlangoni

Behewa lilikuwa nusu tupu, kwa hiyo sikuhitaji kutega sikio. Fundi cherehani, futi yake ya kupimia ikiwa bado shingoni, alikuwa akibishana na muuguzi aliyeketi karibu naye. Kila mmoja alikuwa akiitetea nchi aliyoihama miaka mingi iliyopita.

"Nakubali, dada, nchi yenu inameza yetu mara kumi. Lakini sisi tunalima mpaka mlangoni. Nilipokuwa mdogo, nikitoka nje asubuhi, majani ya mahindi yananipiga usoni."

"Kwetu ni malisho tu," akasema muuguzi. "Baba akienda kumsalimia jirani, anabeba chakula cha njiani."

"Sasa ardhi yote hiyo ya nini?"

"Ya ng'ombe kupumulia, kaka."

Nilidhani watashikana mashati. Badala yake wote wawili wakageuka kutazama maghorofa yakipita dirishani.

"Mimi nimepanda mahindi kwenye ndoo," fundi akasema taratibu. "Nimeiweka mlangoni pa chumba changu makusudi, yanipige usoni. Mwenye nyumba analalamika."

"Afadhali wewe," akasema muuguzi, treni ikisimama. "Mimi ng'ombe nitamweka wapi?"